Mpira wa vyuo vikuu vya Marekani: namna feza na pleyofu kubwa vilivyobadili mchezo, na kwa nini inahusu familia za Kivu

Tarehe 1 Januari 2025, mjini Atlanta, Marekani, timu ya Chuo Kikuu cha Texas ilikuwa inaongoza Arizona State kwa 39-31 katika muda wa nyongeza wa pili. Arizona State walibaki na nafasi moja ya mwisho ya kusawazisha. Mpira ukatupwa, kijana mmoja wa Texas akaudaka hewani mbele ya aliyekuwa anaungojea, na mechi ikaisha pale pale. Kijana huyo anaitwa Andrew Mukuba. Wazazi wake ni Wakongomani waliokimbia vita. Yeye alizaliwa Zimbabwe mwaka 2002, akafika Marekani akiwa na miaka 9, na kukulia mjini Austin, jimbo la Texas.

Huku Kibabi, na kote Masisi na Walikale, mchezo huo hauchezwi. Wengi wanajua majina ya vyuo hivyo kupitia tu nguo za mitumba: siku ya soko hakukosekani shati lililoandikwa Texas, Michigan ao Alabama. Lakini kuna familia nyingi za Kivu ya Kaskazini ambazo ndugu zao walipita katika kambi za Gihembe na Kiziba kule Rwanda, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, ao Nyarugusu kule Tanzania, kisha wakapokelewa Marekani. Watoto wao wanasoma kule na wanacheza kule. Siku moja simu inalia: «Mtoto amepata bursi ya mpira.» Ao: «Wanataka kumpa kontra.» Ao tena: «Anahama chuo, mwingine unamulipa zaidi.»

Miaka 10 iliyopita, maneno hayo mawili ya mwisho yangekuwa kosa la kumfukuzisha mchezaji. Leo ni kazi ya kila siku. Hapa kuna maelezo juu ya kilichobadilika, nani anafaidika, na nini mzazi anapashwa kujua.

NI MPIRA GANI HUU?

Si mpira wa miguu kama ule wa Mazembe, Vita Club ao Dauphins Noirs. Ni mpira wa Kimarekani: mpira wenyewe una umbo la yai, unabebwa mkononi na kutupwa, wachezaji 11 kila upande wamevaa kofia ngumu na vikinga mabega, na kazi ni kusogeza mpira mpaka mwisho wa uwanja wa mpinzani.

Jambo la ajabu kwa mtu wa huku ni kwamba timu zinazopendwa sana si za watu wa kazi peke yao. Vyuo vikuu vina timu zao, na viwanja vyao ni vikubwa kupita vingi vya Ulaya. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unapokea watu zaidi ya 100,000. Ni kama wakaaji wa mji mzima wamekwenda kuangalia wanafunzi wanacheza.

Timu hizo zimegawanyika katika makundi yanayoitwa konferansi. Zamani konferansi ilikuwa ni majirani: vyuo vya eneo moja vinakutana kila mwaka, watu wanaenda kwa basi, chuki na urafiki wa mtaa vinakaa miaka 100. Juu ya konferansi zote kuna shirika NCAA, lililoanzishwa mwaka 1906, ambalo kwa muda mrefu njo lilikuwa linaweka sheria za michezo ya wanafunzi.

ZAMANI: BURSI NDIYO, MSHAHARA HAPANA

Kwa miaka mingi sheria kubwa ya NCAA ilikuwa moja: mchezaji ni mwanafunzi, si mfanyakazi. Chuo kinaweza kumulipia masomo, chumba, chakula na vitabu. Zaidi ya pale, hapana. Mchezaji akiuza shati lake lenye sahihi yake, ao akilipiwa chakula na mfanyabiashara, anaweza kusimamishwa.

Wakati huo huo, feza ilikuwa inaingia kwa wingi. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haina haki ya kushika peke yake mikataba ya televisheni ya mpira wa vyuo. Tangu siku ile, konferansi na vyuo vikaanza kujiuzia mechi zao. Feza ya televisheni ikapanda mwaka baada ya mwaka.

Ilienda wapi? Kwa viwanja, kwa ofisi, na kwa makocha. Kirby Smart, kocha wa Chuo Kikuu cha Georgia, kontra yake ya mwaka 2024 ilimfikisha kwa dola milioni 13 kwa mwaka. Mwezi wa Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha Jimbo Fisher, na kufuatana na kontra yake kilipashwa kumulipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu anayelipwa na serikali ya jimbo kupita wote si gavana wala daktari, ni kocha.

Mtu wa Kibabi anaweza kuelewa jambo hili haraka. Mchimbaji anaingia shimoni, anatoka na koltani. Negosia anapata, kontuare ya Goma inapata, aliye ng'ambo anapata zaidi. Mchimbaji anaambiwa: «Wewe tunakupatia chakula na pa kulala.» Hivyo njo wachezaji wa vyuo walivyoanza kusema mbele ya majaji.

TRIBUNALI NJO ILIFUNGUA MLANGO

Mabadiliko hayakutoka kwa huruma ya wakubwa wa michezo. Yalitoka kwa kesi.

Kesi ya kwanza kubwa ilifunguliwa mwaka 2009 na Ed O'Bannon, mchezaji wa zamani wa basketi wa chuo cha UCLA. Alikuwa ameona sura yake ndani ya mchezo wa video unaouzwa madukani, naye hajalipwa hata senti. Mwaka 2014 jaji Claudia Wilken wa California alisema sheria za NCAA zinavunja sheria ya ushindani wa biashara.

Kesi ya pili ilifika juu kabisa. Tarehe 21 Juni 2021, majaji wote 9 wa Mahakama Kuu, bila hata mmoja kupinga, waliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiwezi kuwekea mipaka misaada ya masomo inayopewa wachezaji. Kesi yenyewe ilihusu mambo ya masomo tu, lakini ujumbe ulieleweka: NCAA si juu ya sheria.

Siku 10 baadaye, tarehe 1 Julai 2021, NCAA ikaachilia. Tangu siku ile mchezaji anaweza kulipwa kwa jina lake na sura yake: kufanya tangazo la gari, kuuza mashati, kuweka sahihi, kualikwa kwenye duka. Chuo chenyewe bado kilikuwa hakiruhusiwi kumulipa. Lakini matajiri wapenzi wa timu hawakuchelewa. Waliunda vikundi vya wafadhili, wakachanga feza, na kila mchezaji mzuri akapewa «tangazo» lake. Kwa jina ni biashara; kwa kweli, wengi waliona ni mshahara uliovaa nguo nyingine.

Kisha kikaja kitu cha tatu: uhamisho. Zamani mchezaji akihama chuo, alipashwa kukaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 NCAA iliruhusu kuhama mara moja bila kungoja, na tangu mwaka 2024 mtu anaweza kuhama kila mwaka maadamu anaendelea vizuri na masomo. Anaandika jina lake katika daftari la uhamisho, na vyuo vingine vinampigia simu. Feza ya matangazo na uhuru wa kuhama vikikutana, soko linazaliwa.

Hatua ya mwisho ilikuja tarehe 6 Juni 2025. Jaji yule yule Wilken alikubali mapatano katika kesi inayoitwa House. Mambo mawili makubwa yako ndani. Kwanza, karibu dola miliari 2.8 zitalipwa kwa muda wa miaka 10 kwa wachezaji wa zamani walionyimwa haki yao. Pili, tangu tarehe 1 Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kugawia wachezaji wake feza moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yake yote pamoja. Na kila kontra ya matangazo inayopita dola 600 inapashwa kutangazwa na kuangaliwa, ili ijulikane kama ni biashara ya kweli.

PLEYOFU: KUTOKA 2, KWENDA 4, MPAKA 12

Wapenzi wa Linafoot wanajua neno pleyofu: timu zinacheza kwanza katika makundi yao, kisha zilizo bora zinakutana kutafuta bingwa. Mpira wa vyuo vya Marekani ulikaa muda mrefu bila kitu kama hicho. Bingwa alichaguliwa kwa kura za wandishi wa habari na makocha. Tangu msimu wa 1998 mpaka 2013, timu 2 za kwanza kwenye orodha zilicheza mechi moja ya mwisho. Tangu msimu wa 2014, zikawa timu 4. Na tangu msimu wa 2024, zimekuwa 12.

Kwa nini kuongeza? Sababu ya kwanza ni haki: timu nyingi zilishinda mechi zote na bado zikaachwa nje kwa sababu konferansi yao ni ndogo. Sababu ya pili ni feza. Pleyofu ya timu 4 ina mechi 3; ya timu 12 ina mechi 11, na kila mechi televisheni inailipia. Mwaka 2024 kampuni ESPN ilikubali kulipa dola miliari 7.8 kwa miaka 6, mpaka msimu wa 2031. Ni karibu dola miliari 1.3 kila mwaka kwa mechi ambazo zinachezwa ndani ya mwezi mmoja.

Mwaka wa kwanza tu, watu waliona faida na hasara. Tarehe 30 Novemba 2024, Ohio State walipigwa nyumbani na adui wao wa miaka yote, Michigan, 13-10. Katika mpango wa zamani, kupigwa pale kungekuwa mwisho wa msimu. Katika mpango mpya, Ohio State waliingia kama timu ya 8, wakapiga Tennessee, Oregon, Texas, na tarehe 20 Januari 2025 wakapiga Notre Dame 34-23 na kuwa mabingwa. Wapenzi wao walifurahi. Lakini wazee wa mchezo wakajiuliza: kama unaweza kupigwa na adui wako na bado ukabeba kombe, ile mechi ya adui ina uzito gani tena?

Mkubwa wa michezo wa Ohio State alisema waziwazi kwamba kikosi kile kiligharimu karibu dola milioni 20 za jina na sura. Hapo watu wakasema: kombe sasa linanunuliwa.

Msimu uliofuata ukajibu kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho kwa historia kilikuwa kati ya timu zilizopigwa mara nyingi kupita zote, kilishinda mechi 16 kwa 16 na kuchukua kombe lake la kwanza tarehe 19 Januari 2026, kwa kupiga Miami 27-21. Kocha wake, Curt Cignetti, alifika mwisho wa mwaka 2023 na kuleta wachezaji wengi kutoka chuo kidogo alikotoka. Mtupaji mkuu wa mipira, Fernando Mendoza, alikuwa amehamia kutoka chuo cha California. Bila uhuru wa kuhama na bila pleyofu pana, Indiana haingefika pale kwa miaka 2. Basi mlango ule ule unaofungulia matajiri, umefungulia pia timu iliyochekwa miaka 100.

KONFERANSI ZINAVUNJIKA

Mabadiliko mengine hayaonekani uwanjani, lakini yanauma wapenzi zaidi.

Huku Kongo, Linafoot iligawanya timu katika makundi ya Mashariki na Magharibi kwa sababu nchi ni kubwa na tiketi ya ndege ni bei kali. Ni vigumu timu ya Goma ao Kindu kwenda Kinshasa kila baada ya wiki mbili. Marekani wamefanya kinyume. Walikuwa na makundi ya majirani. Wameyavunja ili kufuata televisheni.

Mwaka 2024 vyuo vya Texas na Oklahoma vilihamia konferansi ya SEC. USC na UCLA vya Los Angeles, pamoja na Oregon na Washington, vikaingia Big Ten, ambayo asili yake ni majimbo ya katikati na kaskazini. Sasa timu ya Los Angeles inaweza kusafiri karibu kilomita 4,000 kwenda kucheza New Jersey katika ligi yake ya kawaida. Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na bahari ya Pasifiki, vimeingia konferansi yenye jina la pwani ya Atlantiki. Na ile konferansi ya Pac-12, iliyoanzishwa mwaka 1915, ilibaki na timu 2 tu.

Kwa wachezaji wa mpira, wanaosafiri mara chache kwa ndege ya kukodi, si shida kubwa. Lakini binti anayecheza volebo katika chuo kile kile naye anapashwa kufuata ratiba hiyo, katikati ya wiki, huku ana mitihani.

Nguvu pia zimekusanyika. Kuanzia msimu wa 2026, SEC na Big Ten peke yao zinachukua zaidi ya nusu ya feza ya pleyofu. Konferansi ndogo zinagawana kinachobaki.

MIAKA MINNE YA ANDREW MUKUBA

Njia ya Mukuba inaonyesha mambo haya yote katika maisha ya mtu mmoja.

Aliingia chuo cha Clemson mwaka 2021, mwaka ule ule feza ya jina na sura iliruhusiwa. Msimu wake wa kwanza alichaguliwa mchezaji mpya bora wa ulinzi katika konferansi yao. Alicheza pale miaka 3, kisha akaandika jina katika daftari la uhamisho na kurudi Texas, karibu na nyumbani alipokulia. Hakungoja mwaka. Msimu wa 2024 alidaka mipira 5 ya wapinzani.

Mwezi wa Desemba 2024, katika duru ya kwanza ya pleyofu ya timu 12, Texas walipewa kukutana na nani? Na Clemson, chuo alichotoka. Texas wakashinda 38-24. Kisha ikaja ile mechi ya Atlanta. Kisha, tarehe 10 Januari 2025, wakapigwa na Ohio State 28-14 katika nusu fainali. Mwezi wa Aprili timu ya Philadelphia Eagles ikamchagua katika ligi ya watu wa kazi, NFL, akiwa wa 64.

Katika msimu ule mmoja Texas walicheza mechi 16. Timu ya chuo ilikuwa na mazoea ya kucheza 12 ao 13. Mechi zilizoongezeka ni za mabega na vichwa kugongana, kwa vijana wa miaka 18 mpaka 23. Hii njo sababu moja wachezaji wanasema: kama mnaongeza mechi kwa ajili ya feza, basi na aliyeumia apate sehemu yake.

VIZA INAGAWANYA WATOTO WA NCHI MOJA

Hapa njo jambo ambalo familia za Kivu hazipashwe kupita haraka. Feza hii haifikii watoto wote sawasawa. Inategemea karatasi.

Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Alienda Marekani kusoma na kucheza basketi, akacheza katika chuo cha West Virginia, kisha Kentucky. Msimu wa 2021-2022 alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, na akachaguliwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo katika nchi nzima. Jina lake lilikuwa linaweza kuuza kitu chochote katika Kentucky. Lakini alikuwa kule kwa viza ya mwanafunzi, ile inayoitwa F-1, ambayo inazuia kazi nje ya chuo. Wenzake walikuwa wanafanya matangazo. Yeye, aliyekuwa bora kupita wote, alipashwa kuangalia tu. Mwezi wa Agosti 2022 timu ilisafiri visiwa vya Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani, na pale njo alipata nafasi ya kufanya kazi za matangazo. Siku chache, kwa haraka, kabla ya kurudi.

Mtoto wa familia iliyopokelewa kama wakimbizi ana hali nyingine. Mkimbizi aliyepokelewa na serikali ya Marekani ana ruhusa ya kufanya kazi tangu anapofika, na baada ya mwaka mmoja anaomba karatasi ya ukaaji wa kudumu. Akiwa mchezaji, anaweza kuweka sahihi kwenye kontra ya jina na sura bila kuvunja masharti ya ukaaji wake.

Basi vijana wawili Wakongomani, timu moja, kipaji kimoja: mmoja analipwa, mwingine akilipwa anaweza kupoteza viza. Mapatano ya House ya mwaka 2025 hayakubadili sheria ya viza, kwa sababu ile ni sheria ya serikali kuu, si ya michezo.

Kuna pia njia ya tatu, ya kijana wa Goma. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, hakupita chuoni. Mwaka 2020 aliingia G League Ignite, timu iliyoundwa na NBA ili kulipa vijana ambao vyuo vilikuwa haviwezi kulipa. Mwaka 2021 alichaguliwa wa 7 na Golden State Warriors, na mwaka 2022 alikuwa ndani ya kikosi kilichobeba kombe. Leo njia ile haipo tena. Mwaka 2024 NBA ilifunga Ignite, kwa sababu vijana sasa wanalipwa wakiwa vyuoni. Mlango mmoja umefunguliwa, mwingine umefungwa. Na ule uliofungwa ulikuwa unamfaa zaidi mtoto mwenye pasipoti ya kigeni.

NANI ANAPATA, NANI ANAKOSA

Wanaopata ni wachezaji nyota wa mpira wa Kimarekani na wa basketi ya wanaume, katika vyuo vya konferansi kubwa. Vyuo vingi vikubwa vimepanga kupatia mpira wa Kimarekani karibu robo tatu ya feza mpya, kwa sababu njo unaoleta feza ya televisheni.

Wanaokosa ni wengi zaidi. Wanawake wameanza kupeleka malalamiko mahakamani juu ya mgao. Michezo isiyoleta feza, kama kuogelea na tenisi, inafutwa katika vyuo kadhaa. Na mapatano yameweka kikomo cha wachezaji 105 kwa timu ya mpira. Zamani chuo kilikuwa kinaweza kubeba wengine waliocheza bila bursi, kwa kupenda tu. Sehemu ya hao wamepoteza nafasi.

Pia kuna wanaoumizwa na uhuru wenyewe. Kila mwaka maelfu ya wachezaji wanaandika jina katika daftari la uhamisho, na si wote wanapata chuo kingine. Aliyeachilia bursi yake akitafuta feza anaweza kubaki bila feza na bila masomo.

KWA MZAZI NA NDUGU WA HUKU

Kwanza, kujua tofauti ya bursi na feza. Bursi inalipia masomo, na inaweza kuwa ya mwaka mmoja tu, inayoangaliwa upya kila mwaka. Feza ya jina na sura ni kontra ya biashara, yenye kodi ya kulipa na masharti yake. Vitu viwili hivyo visichanganywe.

Pili, kuuliza karatasi. Kabla kijana hajaweka sahihi popote, swali la kwanza ni hili: yuko kule kwa karatasi gani? Kama ni viza ya mwanafunzi, anapashwa kwenda kwanza katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake. Kosa dogo hapo linaweza kumrudisha nyumbani.

Tatu, kuchunga wanaouza ndoto. Wazazi wengine wanauzaka ng'ombe ao shamba ili mtoto «awekwe kwenye orodha» ya chuo cha Marekani. Chuo cha kweli hakiuzi nafasi ya bursi. Karatasi ya kuombea viza ya mwanafunzi, inayoitwa I-20, inatolewa na shule yenyewe, na mzazi anaweza kuandikia shule hiyo moja kwa moja kuuliza kama mtoto anajulikana kule. Kwa mpira wa Kimarekani hasa, vyuo vinachagua vijana waliocheza katika shule za sekondari za Marekani. Anayekuja kijijini na kusema anatafuta wachezaji wa mchezo ambao hauchezwi huku, aulizwe maswali mengi.

Nne, kutazama mbali. Kwa hesabu za NCAA, kati ya wachezaji wa mpira wa vyuo, hawafiki 2 kwa 100 wanaoingia NFL. Wengine wote, karibu 98 kwa 100, wanamaliza mchezo siku wanayotoka chuoni. Feza waliyopata inaweza kusaidia familia, kulipa nyumba, kutuma kidogo huku Masisi. Lakini siku ile goti likiumia ao kocha akileta mwingine, kinachobaki mkononi ni diplome.

Basi simu ikilia na ndugu akisema mtoto anahama chuo kwa sababu mwingine unalipa zaidi, kabla ya kupiga vigelegele kuna swali moja la kumuliza: «Kule anakoenda, masomo aliyokwisha kufanya watayahesabu?»